Sahihi ya Thelathini

Saa kumi na moja alfajiri Alcide na Rolande Gervais huwa wamo zizini. Hata siku ya Krismasi wamo zizini, maana ng'ombe hajui sikukuu. Wana ng'ombe arobaini na mmoja, na Alcide humwita kila mmoja kwa jina kabla ya kumfunga mashine ya kukamulia. Januari katika mji wetu wa Corley, Vermont, maji hugeuka barafu ndani ya ndoo. Zizini, angalau, kuna joto la ng'ombe na kuna redio.

Asubuhi moja ya mwaka 1982 redio ilikuwa ikihesabu makombora ya nyuklia. Yetu mangapi, ya Warusi mangapi. Alcide aliizima.

"Kila siku wanahesabu," alisema. "Siku ya kupunguza sijaisikia."

Jioni yake tuliitwa kanisani. Bwana mmoja wa serikali alikuja na ramani. Alikuwa na adabu na sauti nzuri. Alisema vita ikikaribia, watu wa jiji kubwa wataletwa katika miji midogo kama wetu. Corley ina watu mia tisa. Tungepokea elfu tatu. Chumba cha chini cha nyumba ya Gervais kingebeba watu ishirini na wawili. Tuzibe madirisha kwa udongo, tukae humo wiki mbili.

Alcide aliinua mkono. "Na nani atakamua?"

"Samahani, bwana?"

"Ng'ombe wangu. Asipokamuliwa siku moja analia. Siku ya tatu kiwele kimeoza. Wewe umesema wiki mbili."

Yule bwana alipekua karatasi zake, mbele na nyuma. "Mifugo haimo katika mpango huu," alisema.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na sasa naona haya kusema hivyo. Rolande peke yake hakucheka. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mumewe, "Wametengeneza bomu la kufuta mji mzima, halafu mimi wananipa koleo nizibe dirisha."

Usiku huohuo aliandika barua kwa mbunge wetu. Asubuhi aliipeleka kwa Winifred Peasley ili amsahihishie. Bi Peasley ni karani wa mji. Ofisi yake ni sebule ya nyumba yake, kando ya jiko la kuni, na ukienda kutafuta cheti cha kufuga mbwa unatoka na kipande cha keki. Alisoma barua, akavua miwani.

"Barua nzuri," alisema. "Ila umebisha mlango siyo. Mbunge wa Baraza la Wawakilishi hapigi kura ya mkataba."

"Mkataba gani? Mimi nataka mabomu yapunguzwe."

"Ndiyo, na yanapunguzwa kwa mkataba. Nchi mbili zinakaa mezani. Mimi natoa hiki, wewe unatoa kile, na kila mmoja ana njia ya kumkagua mwenzake. Wakipatana, rais anatia sahihi."

"Basi yamekwisha."

"Hayajaisha. Sahihi ya rais ni posa tu. Ndoa inafungwa Seneti. Maseneta ni mia moja, na mkataba unahitaji theluthi mbili ya wanaopiga kura. Wakiwapo wote, ni sitini na saba. Upo mmoja uliotiwa sahihi miaka mitatu iliyopita. Mpaka leo uko kabatini. Haukupigiwa hata kura moja."

"Kwa nini?"

"Sababu ni nyingi. Warusi waliingia Afghanistan, watu wakakasirika. Lakini kumbuka pia kwamba seneta anaishi kwa kura. Akiunga mkono mkataba, mpinzani wake atamwita mwoga anayewachekea Warusi. Asipouunga mkono, nani atamnyima kura?"

Rolande alifikiri. "Hakuna mtu."

"Umeona? Hasara yote iko upande mmoja."

"Basi tuweke hasara na upande wa pili," Rolande alisema. "Novemba si tunachagua seneta?"

Bi Peasley alitabasamu, akafungua droo, akatoa karatasi yenye mistari. Alimweleza utaratibu. Kila Machi mji wote hukutana na kuamua mambo yake kwa kura. Mwananchi yeyote anaweza kuingiza hoja katika ajenda, mradi apate sahihi za wapiga kura watano katika kila mia. Corley ilikuwa na wapiga kura mia sita. Zilitakiwa sahihi thelathini, na ziwasilishwe siku arobaini kabla ya mkutano. Yaani Alhamisi, tarehe 21 Januari, saa kumi na moja jioni.

Waliandika hoja pamoja. Mji wa Corley unaitaka Marekani na Urusi zisimamishe utengenezaji wa silaha mpya za nyuklia, ziandike mkataba wa kupunguza zilizopo. Unawataka maseneta wake waupigie kura ya ndiyo.

Rolande alizunguka na karatasi yake kanisani, posta, na kwenye duka la chakula cha mifugo. Duka ni la Royce Haskin, ambaye pia ni mwenyekiti wa bodi ya mji. Haskin alimcheka.

"Rolande, maziwa yako na Warusi, wapi na wapi?"

"Maziwa yangu yananywewa na watoto. Wewe nipe kalamu au nipishe, kuna watu nyuma yako."

Hakumpa kalamu. Watu sita waliokuwa nyuma yake walitia sahihi, wawili kati yao kwa sababu tu walipenda kumwona Haskin akinyamazishwa.

Alhamisi saa nane mchana Rolande aliweka sahihi thelathini na mbili mezani kwa Bi Peasley. Karani alichukua rula na penseli nyekundu, akazilinganisha na orodha ya wapiga kura, jina kwa jina.

"Orrin na Thelma Dunklee, hapana."

"Hapana vipi? Zizi lao si lile pale kilimani?"

"Zizi liko Corley. Kitanda kiko mji wa pili. Mtu hupiga kura anakolala." Penseli ilipita mara mbili. "Zimebaki thelathini. Na huyu pia hayumo."

Rolande aliangalia. Jina lilikuwa Alcide Gervais.

"Huyo ni mume wangu. Amezaliwa hapa. Analipa kodi hapa miaka ishirini na sita."

"Kodi haikuingizi kwenye orodha, Rolande. Kinachokuingiza ni kiapo cha mpiga kura. Hajawahi kuapa. Nilidhani unajua."

Zilibaki ishirini na tisa. Rolande hakuona sababu ya kupita nyumba za watu. Aliendesha gari moja kwa moja hadi zizini.

"Kwa nini hujawahi kuapa?" alimwuliza mumewe.

Alcide aliendelea kusukuma samadi. "Siku ya uchaguzi wewe huenda. Nani abaki na ng'ombe?"

"Uchaguzi ni siku nzima. Kukamua ni kwa saa mbili tu. Usinizungushe."

Alisema bila kumtazama, "Baba alisema unapewa karatasi uisome mbele ya watu. Mimi shule niliacha nikiwa na miaka tisa, unajua. Herufi nazijua. Zikifuatana nyingi zinanikimbia. Nisimame pale Haskin anisikilize nikigugumia?"

Miaka ishirini na minne ya ndoa, na Rolande hakuwahi kulisikia hilo. Roho ilimuuma. Alitaka kumpa pole, akaona pole haitasaidia.

"Yule bwana wa ramani," alisema, "alikuuliza kama unajua kusoma kabla ya kukupa watu ishirini na wawili?"

"Hakuniuliza."

"Basi?"

Alcide aliegemeza koleo ukutani. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akavaa koti.

Walifika kwa karani saa kumi na dakika arobaini. Bi Peasley hakuwa amekaa bure. Aliwaita wajumbe wa bodi ya orodha ya wapiga kura, nao walikuwa jikoni kwake wakinywa kahawa. Alcide alisimama katikati ya sebule na kofia mkononi.

"Nipe karatasi," alisema. "Nitajaribu."

"Karatasi ya nini? Hakuna mtihani hapa. Mimi nasema, wewe unakubali. Inua mkono." Bi Peasley alisema maneno polepole. Kila utakapopiga kura juu ya jambo la jimbo hili, utafuata dhamiri yako kwa manufaa ya wote, bila woga wala upendeleo wa mtu yeyote.

"Bila woga wa mtu yeyote?" Alcide aliuliza.

"Yeyote."

"Hata Haskin?"

"Hata rais."

"Nakubali. Miaka yote hii, kumbe ni hivi tu."

Wajumbe waliliingiza jina lake kabla kahawa haijapoa. Alitia sahihi yake upya, herufi kwa herufi, na ikawa ya thelathini.

Tarehe 2 Machi tulijaa ukumbi wa shule. Bodi ya mji ndiyo inayopanga ajenda, na Haskin aliiweka hoja yetu mwisho kabisa, namba ishirini na tatu. Alijua wafugaji huondoka saa tisa kwenda kukamua. Tulijadili barabara, tukajadili gari la theluji, tukala maharage, nyama ya nguruwe na pai za tofaa. Saa tisa ilipofika, Haskin alitazama mlango. Hakuna aliyetoka. Rolande alikuwa amepita kila meza wakati wa chakula, akiwaomba wabaki hadi kura ipigwe.

Haskin alisimama. Alitaka hoja irukwe. "Tushughulikie la maana," alisema. "Sisi ni watu wa barabara na theluji. Halafu nawauliza, tukipunguza sisi, Warusi wakatudanganya? Nani anawaamini?"

Lilikuwa swali la haki. Ndipo Alcide aliposimama. Hakuwahi kusema katika mkutano wowote wa Machi.

"Kiwanda cha maziwa hakiniamini," alisema. "Kila wanapokuja kuchukua maziwa, wanapima kwanza. Wakikuta maji, wananikatalia. Mimi nami siwaamini, nina kipimo changu. Tumeuziana miaka ishirini na sita na hakuna anayemwamini mwenzake. Mkataba ni huo. Usimwamini mtu, mpime." Alikohoa. "Na hili la barabara. Wameshanipangia watu ishirini na wawili watakaokuja kwa barabara hiyo. Wao wamenihusisha mimi. Kwa nini mimi nisiwahusishe?"

Alikaa. Watu waligonga meza.

Nyuma ya ukumbi alikuwapo Everett Lathrop, mgombea useneti, aliyekuja kusalimiana na kula pai. Sasa aliomba neno. Kwetu mgeni hasemi mkutanoni mpaka wenyeji wapige kura ya kumruhusu. Rolande aliinua mkono.

"Naomba tumruhusu, kwa sharti," alisema. "Ajibu swali moja. Mkataba wa kupunguza silaha, wenye ukaguzi, ukifika Seneti, utaupigia ndiyo au hapana?"

Tulimruhusu kwa sauti moja. Lathrop alisema ni jambo nyeti. Alisema lina pande nyingi. Aliposema "kwa upande mwingine" mara ya pili, msimamizi wa mkutano alimwomba aketi. Aliketi, masikio mekundu.

Tulipiga kura kwa kusimama. Waliokubali ni mia moja na kumi na wanne, waliokataa thelathini na wanane. Siku hiyohiyo miji zaidi ya mia moja na hamsini ya Vermont ilipitisha hoja ya namna hiyo.

Kuanzia hapo kila mgombea aliyekanyaga Corley alikutana na swali lile, wa chama hiki na wa chama kile. Aliyepiga chenga aliulizwa tena posta, na tena kwa kinyozi. Septemba Lathrop alirudi, akaingia zizini kwa Gervais na viatu vyake vya jiji. Alcide hakusimamisha kazi.

"Bwana Gervais, jibu langu ni ndiyo," Lathrop alisema.

"Liandike," Alcide alijibu. "Nitalisoma."

Lathrop aliandika. Alcide alisoma, kidole kikifuata neno kwa neno, maana tangu Aprili alikuwa akija nyumbani kwangu kila Jumanne nimfundishe kusoma. Mgombea alisubiri katikati ya samadi mpaka sentensi ikaisha. Jibu lilibandikwa posta. Novemba Alcide alipiga kura yake ya kwanza, na Lathrop alishinda.

Mkataba haukuja mwaka ule, wala uliofuata. Wengine walitucheka. Sisi tuliendelea kuuliza. Mei mwaka 1988 mkataba wa kufuta makombora ya aina moja ulifika Seneti. Nilikuwa zizini kwa Gervais redio ilipotangaza matokeo. Kura za ndiyo tisini na tatu. Lathrop alikuwamo. Rolande alikaa juu ya ndoo akalia, na mimi nilimshika bega.

"Na waliokataa?" Alcide aliuliza.

"Watano," nilimwambia.

Alimfungua ng'ombe mashine, akampapasa mgongoni, akahamia kwa anayefuata.

"Hao watano," alisema, "uchaguzi wao lini?"