Ufunguo wa Jagi la Korbinian

"Huo ufunguo umeutoa wapi?"

Vroni aliuliza huku amebeba sinia la bia. Mwanamke aliyesimama mbele ya kabati ambamo wateja wa kudumu hufungia majagi yao ya bia hata hakugeuka.

"Kwenye suruali ya mchumba wangu. Kila siku ananikataza kuja huku. Leo nimeamua. Jagi lake namba kumi na tisa."

Kumi na tisa! Hilo ni la Korbinian. Alisubiri miaka minane, mpaka mzee mmoja akafariki, ndipo akapata nafasi kabatini. Na kwenye baa hii iliyo chini ya ukumbi wa mji, jagi la mteja wa kudumu halinywewi na mwingine ila mkewe. Vroni amehudumu humu miaka kumi na moja na hajawahi kuligusa kwa mdomo. Alikuwa anangoja Jumamosi, wafunge ndoa kwa msajili pale juu, washuke, alinywee mbele za watu.

"Mchumba wako nani?"

"Korbinian. Mwaka wa pili huu. Kwani wewe nani?"

"Bibi harusi wake wa Jumamosi."

Yule mwanamke, Friederike, akacheka kwa dharau. "Bibi harusi na aproni? Kabebe soseji, mama!"

Vroni akatoa simu, akaandika: "Uko wapi, mpenzi?"

"Kiwandani, malaika wangu. Kazi imenibana mpaka jioni."

"Jagi lako limepasuka."

Dakika nne! Mazishi ya babake alichelewa, lakini kwa jagi alishuka ngazi mbilimbili, jasho linamchuruzika.

"Limepasuka wapi? Nani amelishi—"

Akawaona wawili. Akanywea.

"Vroni, ngoja nikueleze..."

"Waeleze wazee wako."

Kwenye meza ya wateja wa kudumu, mzee Alois akainua kiti cha Korbinian, akakipindua juu ya meza.

"Hapa hukai tena, kijana. Hatunywi na mwongo."

"Mzee Alois, hata wewe?"

"Tena mimi wa kwanza!"

Friederike akamtupia ufunguo kifuani. "Uliniambia huna mtu, mbwa wewe!"

Vroni akapanda juu na aproni yake, akamkuta msajili anatafuna mkate.

"Futa ile ya Jumamosi."

"Ya saa tano? Kuna tatizo, Vroni?"

"Lilikuwepo. Limeshaondoka."

Kumbe halijaondoka. Lilikuwa chini ya ngazi, limejaa machozi.

"Vroni, nipe nafasi moja tu."

Akampita kama anapita nguzo. Kwenye kaunta kulikuwa na sahani inapoa. Akaibeba, akapaza sauti:

"Jamani, mguu wa nguruwe wa nani huu?"