Jagi la Zipporah

Harufu ya ugoro ilianza Jumatatu, jikoni kwa Odessa Purifoy, na katika nyumba ile hakuna aliyetumia ugoro. Odessa alifungua madirisha, akamwaga siki sakafuni, akasugua mpaka kiuno kikamuuma. Harufu haikutoka.

"Cleophus, husikii harufu?" alimuuliza mumewe.

"Nasikia kuku anaungua. Mgeuze, Zipporah."

Odessa akaganda na uma mkononi. "Umeniita nani?"

"Nimemwita mke wangu. Ebu amka, mama, leo umelala wima!"

Zipporah, ambaye wazee walisema hakukosa ugoro mdomoni, alikuwa amekufa zamani, kabla hata bibi zao hawajazaliwa. Alikuwa mke wa kwanza wa Mchungaji Amos, na ndiye aliyetoa shamba lake ijengwe shule ya kwanza ya watoto weusi katika Kaunti ya Tolliver. Hapo kanisani Mlima Nebo kila mtu alilijua hilo, ingawa halikuandikwa popote. Lakini kibao cha chuma cha historia kilipopatikana, cha kusimikwa kando ya barabara, na Odessa akapewa kazi ya kuandika maneno yake, aliandika kwamba shule ilianzishwa na Lovie, mke wa pili. Wenzake kwenye kamati walimwamini, wakapitisha bila kusoma.

Lovie alikuwa wa ukoo wa Odessa. Zipporah alikuwa wa ukoo wa Verlene. Na huyo Verlene, jamani, Odessa alikuwa hataki hata kumsikia! Verlene na sauti yake ya kwaya, Verlene na kofia zake za Pasaka, Verlene anayeitwa mbele kila mara kana kwamba wengine ni viti. Wivu ulikuwa umemkaba Odessa tangu wakiwa wasichana.

Na bado hakutosheka. Kaburi la Zipporah halikuwa na jiwe. Alama yake ilikuwa jagi la udongo lililovunjwa, chombo cha mwisho alichonywea, kama watu wa huko wanavyowafanyia wafu wao. Mtoto mdogo anajua kwamba chombo hicho hakiguswi, maana ukikichukua, mwenyewe anakifuata. Odessa alijua. Siku ya kufyeka makaburi aliokota vigae vyote, akavitumbukiza kwenye zege bichi la kibao mafundi walipokwenda kunywa maji. Haya, Verlene atafute pa kuweka maua!

Kufikia Alhamisi upande wake wa kitanda ulikuwa na joto kabla hajalala, na barazani kiti cha bembea kilikwenda chenyewe, kwii, kwii, huku Cleophus akiwa kakaa kando yake anakisimulia habari za ujana wao, anacheka, ananyamaza kama anayejibiwa, kisha anacheka tena. Odessa alikimbilia kwa Bibi Arzula, mganga wa mizizi.

Bibi Arzula hakumkaribisha ndani. "Umekuja naye," alinong'ona. "Kavunje hilo zege, umrudishie jagi lake, na jina lake liandikwe. Watu wasije wakakiombea kibao kabla hujafanya hivyo, maana kikishaombewa haondoki tena."

"Bibi, Jumapili ndiyo sherehe. Nitavunja Jumatatu."

"Mwanangu, unamtaka mume au unataka kibao?"

Odessa alimtaka mume. Alimpenda yule mzee mpaka machozi. Lakini alimtaka pia Verlene asimame juani apige makofi, na hamu hiyo, Mungu amsamehe, ilikuwa tamu mno.

Jumapili Verlene alipiga makofi, shingo upande. Mchungaji wa sasa akaombea kibao, watu wakasema amina, meza zikaandaliwa chini ya misonobari, kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, pai za viazi vitamu, na Odessa, kifua mbele, akaenda kuketi kando ya mumewe, akakuta kiti kimeshavutwa na sahani imeshapakuliwa, na chakula kinapungua, tonge baada ya tonge, mbele ya kiti kitupu kinachonuka ugoro.

"Cleophus," alisema kwa sauti ndogo, "hapo ni pangu."

Mzee alisimama, akavua kofia kwa adabu. "Samahani, mama. Hapa anakaa mke wangu. Wewe ni wa ukoo wa nani?"

Kisha akainama, akachukua kitambaa, akafuta polepole kinywa kisichoonekana, kwa upole ambao Odessa hakuwahi kuonjeshwa hata siku ya harusi. Wivu ukampanda, mkali kuliko hofu yenyewe. Akanyoosha mkono amnyang'anye kile kitambaa.

"Dada Odessa!" Verlene alikuwa nyuma yake, macho kayakodoa pale pale kwenye kiti, kama anayemwona mtu. "Usisogee, nakuomba. Umemkanyaga gauni."

Odessa alitazama chini. Hakuona kitu ila nyasi, lakini chini ya kiatu chake alihisi pindo zito la gauni likianza kuvutwa, taratibu, kama mtu anayeinuka.