Mashine ya Bwana Stroud na Miti ya Shira

Lucien Bouffard alikuwa na miti mia mbili ya mepo na mgongo mmoja mbovu.

Kila mwezi wa Machi, theluji ya jimbo la Vermont, Marekani, inapoanza kulainika, yeye na mkewe Doreen huitoboa miti hiyo. Huchomeka vibomba vidogo na kutundika ndoo. Maji ya mepo, yenye utamu kidogo, hudondoka mchana kutwa. Kisha huyachemsha kibandani mpaka yawe shira nzito, tamu, ya kumwagia chapati za maji asubuhi.

Kazi si mchezo. Ndoo arobaini za maji hutoa ndoo moja tu ya shira. Zile nyingine huondoka na mvuke, na kuzifukuza kunataka kuni, kuni, na kuni tena.

Mwaka huo daktari alimwambia Lucien bila kumung'unya maneno. "Shoka basi. Ukipasua kuni msimu mwingine, utaishia kitandani."

Lucien alirudi nyumbani amenuna. Kupika shira ndiyo kazi aliyoijua tangu utoto. Akiacha, afanye nini? Akae dirishani ahesabu ndege?

Wiki hiyohiyo akaja kijijini mwuza mashine, Bwana Garrick Stroud. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kutuliza. Aliwakusanya watu katika ukumbi wa wazima moto, akaweka mezani sanduku la chuma lenye gurudumu la sumaku.

"Haili kuni," alisema. "Haili mafuta. Haichomekwi ukutani. Sumaku zinasukumana, gurudumu linazunguka, umeme unatoka. Bure, maisha yenu yote!"

Akawasha taa kumi. Akachemsha maji ya chai kikombe kimoja. Watu wakapiga makofi. Lucien alipiga kuliko wote, mpaka viganja vikawaka moto.

Bei ilikuwa dola elfu kumi na nne, na Bwana Stroud alisema angewauzia watu watano tu. Lucien hakuwa na fedha hizo. Alichokuwa nacho ni miti. Kesho yake alimwita mnunuzi wa mbao, na mnunuzi akapita nyuma ya nyumba akipaka alama ya rangi ya buluu. Mepo sitini, minene, mizee. Wangekuja kuikata Jumatatu.

Doreen aliziona alama zile akiwa na ndoo mkononi. Akaitua.

"Lucien! Hii si ndiyo miti ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Aliitoboa mwenyewe kwa mikono yake!"

"Mama hakuwa na mgongo huu," Lucien alijibu. "Na inabaki mia na arobaini."

"Hesabu unaijua. Akili ndiyo sijui umeiweka wapi."

Doreen akaichukua ndoo yake, akaondoka.

Kesho yake asubuhi alikuja jirani yao, Marjory Tuttle, kuleta mayai. Mama huyu alikuwa fundi wa kampuni ya umeme, akipanda na kushuka nguzo miaka ishirini na minane kabla ya kustaafu. Doreen alimmwagia habari yote hata kabla hajavua glavu.

"Najua utaipinga," Lucien alimwahi. "Umekula mshahara wa kampuni ya umeme. Hamtaki watu wapate umeme wa bure."

Marjory aliangua kicheko. "Nimestaafu, bwana! Walinipa keki na saa ambayo haitembei. Nimtetee nani?" Akavuta kiti. "Niambie kitu kimoja tu. Katika hiyo mashine kinaingia nini?"

"Hakiingii kitu. Ndiyo uzuri wake."

"Na kinatoka nini?"

"Umeme. Joto."

"Haya. Wewe ni mpika shira. Umewahi kumimina ndoo moja ya maji ya mti ukapata ndoo arobaini za shira?"

"Acha utani, Marjory."

"Sifanyi utani. Nguvu nayo ni hivyohivyo. Haizuki. Inabadilika sura tu. Joto la kuni zako lilikuwa jua, mti ukalihifadhi. Umeme wa mtoni ni maji yanayoshuka. Hata paneli iliyo juu ya paa langu inaingiza jua. Usiku haitoi kitu. Kila mashine ina mlango wa kuingilia. Ukiambiwa hauna, tafuta umefichwa wapi."

"Na sumaku?" Lucien aliuliza. "Si zina nguvu? Nimeziona zikisukuma kwa macho yangu."

Marjory akainuka, akafungua mlango wa friji. Akausukuma kidogo, nao ukajibamiza wenyewe.

"Umeona? Sumaku imeuvuta. Sasa ufungue."

Lucien akauvuta, ukakaza kwanza, kisha ukaachia.

"Ilichokupa wakati wa kufunga, umekilipa wakati wa kufungua," Marjory alisema. "Gurudumu lake ni milango hiyo, inafunga na kufungua. Faida haipo. Na msuguano unakula kidogo kila mzunguko, ndipo linasimama."

Lucien alikuna kidevu. "Lakini taa ziliwaka."

"Ziliwaka kwa muda gani?"

"Dakika tano. Labda sita."

"Betri ya gari iliyofichwa humo inaweza hilo. Sikuambii umkatalie. Mwambie aje achemshe kibandani kwako, ambako hakuna umeme. Ndoo mbili tu za maji ya mti, mpaka ziwe shira. Huna haja ya kujua ujanja uko wapi. Ipe muda na kazi ya kweli."

Doreen alidakia, "Kama ni ya kweli, atakuja mbio."

Bwana Stroud alikuja Jumamosi, ingawa hakuja mbio. Alitaka kwanza onyesho lifanyike ukumbini. Kisha akasema sumaku hazipendi baridi. Lucien akamwambia kibanda kina joto, na kwamba bila hivyo hakuna biashara.

Sanduku lilibebwa na watu wawili, wakihema. Marjory alitazama jinsi lilivyowalemea. Ndoo mbili zikamiminwa kwenye sufuria kubwa. Gurudumu likazunguka, taa zikawaka, na moyo wa Lucien ukaruka. Maskini, alitaka iwe kweli! Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Nusu saa ikapita. Lucien aliingiza kidole majini. Yalikuwa vuguvugu.

"Yanakuja," Bwana Stroud alisema.

Robo saa nyingine. Taa zikawa za njano. Kisha nyekundu, kama kaa la moto linalokufa. Gurudumu likapunguza mwendo, likasita, likasimama. Maji yalikuwa yamefikia joto la kuogeshea mtoto.

"Baridi," Bwana Stroud alisema haraka. "Niliwaonya. Lakini mkitoa malipo ya kwanza leo, nitawaletea iliyoboreshwa."

"Fungua sanduku," Marjory alisema.

"Ni siri ya uvumbuzi wangu."

Lucien aliitazama ile sufuria. Miaka arobaini alikuwa amekaa mbele ya moto huu. Hakuna aliyehitaji kumwambia maana ya maji yasiyochemka.

"Usifungue," alisema taratibu. "Ichukue tu uende nayo."

Gari lilipoondoka, Lucien aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Aibu ilimshika. "Nilikuwa nikate miti ya mama," alisema. Doreen alimwekea mkono begani. Kusema "nilikuambia" kulimwasha ulimini, lakini alikumeza.

Mchana ule Lucien alimpigia simu mnunuzi wa mbao na kuvunja mpango. Hakuwa amepokea hata senti, kwa hiyo yakaisha.

"Mgongo wangu bado mbovu, lakini," alimwambia Marjory.

"Basi acha kutafuta joto la bure. Tafuta lile linalokutoroka." Akanyoosha kidole juu. Mvuke ulikuwa ukipaa kupitia tundu la paa. "Lile pale umelilipia kwa kuni. Weka bomba la kujikunja juu ya sufuria, maji ya mti yakiwa baridi yapite humo kabla ya kushuka sufuriani. Mvuke utayapasha. Na kuni zako mbichi unazochoma, moto unapoteza nguvu kuzikausha. Zikaushe mwaka mzima chini ya paa. Mashine ya kupasulia kuni ninayo, inakunywa petroli na haifichi. Njoo uiazime."

Walifanya hivyo vyote. Msimu uliofuata, shira ilikuwa kiasi kilekile, lakini kuni zilipungua karibu theluthi. Lucien hakushika shoka hata mara moja.

Rangi ya buluu ilikataa kutoka kwenye magome. Doreen alisugua kwa brashi mpaka akachoka. Siku moja mteja aliyekuja kununua shira aliinyooshea kidole.

"Huu mti una alama ya nini?"

Lucien alitundika ndoo juu ya kibomba. Tone la kwanza likalia ndani ya ndoo.

"Huu," alisema, "ni mti niliotaka kuukata, ili ninunue mashine ya kuchemshia maji yake."