Mlango Nilioufunga

Kila jioni Mama alilikung'uta gari letu kama mtu anayekung'uta mkeka. Alitoa vikapu, chupa ya maji, blanketi na jeki, hata karanga zilizodondoka chini ya kiti. Kisha aliinua vitufe vya kufungia milango yote miwili, akairudisha milango bila kuifunga kwa ufunguo, akaingia ndani kupika. Ile Landrova kuukuu yenye paa la turubai ililala uani kwetu Boseja, mtaa mmoja wa Maun. Punda wa jirani angejua kufungua milango, angelala ndani yake.

Siku moja nilimuuliza, "Mama, mbona majirani wanafunga magari yao?"

"Ya kwao yana paa gumu," alijibu huku akikoroga uji wa mtama. "Letu ni nguo tu. Mwizi akikuta mlango umefungwa, unadhani atahangaika na kitasa? Atachomoa kisu. Lakini akikuta mlango wazi, ataingia, ataona patupu, ataondoka zake, na turubai langu litabaki zima. Kwa hiyo sheria ni mbili, Gorata. Usiache kitu ndani, na usifunge mlango."

Nilizishika sheria hizo kama jina langu.

Tulihamia Maun mwezi wa kwanza, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alinunua vikapu kwa wanawake wa vijiji vya Etsha na kuviuza kwenye maduka ya wageni. Baba alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Orapa, mbali sana, na tulimwona mara chache kwa mwaka. Shuleni sikuwa na rafiki. Wenzangu walikuwa wamejuana tangu wakitambaa, nami nilikuja na lafudhi ya Gumare, kule tulikotoka, na gari la turubai. Wakaniita Binti Turubai.

Mchana, baada ya masomo, nilikaa garini nikimsubiri Mama amalize shughuli zake madukani. Nilikunja pande za turubai juu, upepo ukapita. Niliwaona watu wote wakienda na kurudi, nao waliniona, lakini hakuna aliyesimama. Nilizoea kuhesabu mbuzi. Kitu kimoja tu kilinichangamsha: saa kumi na mbili jioni simu ya Mama ililia, na sauti ya Baba ikasema, "Haloo, hapa ni chini shimoni! Binti yangu yupo huko juu?" Sikuchoka na utani huo, ingawa ulikuwa uleule kila siku.

Likizo ilikuwa inakaribia. Baba alikuwa ametuombea kibali, maana mji ule wa mgodi una geti na mtu haingii tu anavyotaka. Tulipewa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi ya kwanza ya likizo. Tungezikosa, tungengoja hadi Krismasi. Mama alikuwa ameweka akiba ya mafuta ya safari. Kila asubuhi niliuliza siku zimebaki ngapi, ingawa nilijua.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya safari, tulisimama mbele ya duka moja la vikapu. Pande za turubai siku hiyo zilikuwa zimeshushwa kwa sababu ya vumbi. Mama alijitwika mzigo kichwani na mwingine mikononi. Akanipa mkoba wake, wenye simu ndani.

"Upakate," alisema. "Usitoke. Ukitoka, utoke nao."

Nikaupakata. Ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja mtupu, wasichana wa darasa langu walikuwa wakicheza mchezo wa kupanga makopo na kurushiana mpira. Niliwatazama kwenye upenyo mdogo wa turubai. Mara Onalenna, yule mrefu aliyekuwa nahodha wao siku zote, akageuka.

"We Binti Turubai! Njoo basi, tumepungukiwa mmoja!"

Nilitazama nyuma, nikidhani kuna mwingine anayeitwa.

"Wewe, wewe! Au umeshonewa humo ndani?"

Wenzake wakacheka, lakini hawakucheka vibaya. Tangu mwezi wa kwanza hakuna aliyeniita mahali popote. Nikafikiri: nikienda na mkoba, nitaukimbiaje mpira? Nikauweka kitini. Nikabonyeza kitufe cha mlango wa dereva, nikatokea mlango wangu, nikabonyeza na kitufe chake, nikausukuma ukafunga. Wenye paa gumu hufanya hivyo, nilijiambia. Nikajiona mtu mwangalifu sana.

Nilicheza. Niliyapanga makopo mara mbili yote saba, na Onalenna akapiga kelele, "Kumbe ana mbio huyu!" Sijui muda gani ulipita. Nilipokumbuka na kurudi mbio, mlango wa dereva ulikuwa umeachwa wazi. Nyuma yake kidogo turubai lilikuwa limechanwa kwa kisu, mpasuko mrefu kama mkono wangu. Mtu alikuwa ameingiza mkono hapo, akainua kitufe. Mkoba haukuwepo.

Nikasikia sauti ya Mama akiagana na mwenye duka. Mlango wangu bado ulikuwa umefungwa. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho. Niliingia kwa mlango wa dereva, nikajinyoosha, nikainua kile kitufe cha upande wangu, ili ionekane kwamba gari lilikuwa wazi kama kawaida.

"Nilikwenda haja mara moja tu," nilimwambia Mama. "Mkoba niliuficha chini ya kiti."

Hakunipiga wala kunifokea. Alipitisha vidole kwenye ule mpasuko, kisha akakaa chini, pale pale vumbini.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita siufungi mlango huu. Na bado wamenikata."

Jioni hiyo saa kumi na mbili ilifika, ikapita kimya. Kesho yake pia. Mama aliazima simu kwa jirani, akamweleza Baba kwa maneno machache, simu ikarudi kwa mwenyewe. Mimi nilikaa mlangoni nikiitazama njia. Shuleni siku ya Jumatatu Onalenna alinifuata mwenyewe.

"Mbona ulikimbia siku ile? Zamu ilikuwa yako."

Nilipomwona niliuona ule mpasuko. "Niache," nilisema.

Alinitazama kidogo. "Haya. Kaa na turubai lako."

Nikabaki peke yangu tena, na safari hii nilikuwa nimejitenga mwenyewe. Nilitamani kumwambia mtu, lakini aliyestahili kuambiwa ndiye niliyemdanganya.

Jumatano Mama aliniambia nipande garini, tunakwenda kwa Mama Uapiruka. Huyu alikuwa wa kabila la Waherero, fundi wa kushona maturubai ya magari na mahema. Alivaa lile gauni lao pana linalofika chini na kilemba chenye pembe mbili, akapita katikati ya magari mabovu na madebe ya grisi bila kuchafuka hata upindo. Nilimsalimu kwa kumpa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia. Alinipa mkono, lakini macho yalikuwa kwenye gari.

"Mama Gorata! Nani amelipasua gari lako kama samaki?"

"Ningemjua ningekuwa hapa?"

"Kisu chake kikali. Angekuja kwa heshima ningemwajiri akate vitambaa."

Mama hakucheka. Alionyesha kwa kidole paa la bati la kijani lililoegemezwa ukutani, lililotolewa kwenye Landrova nyingine iliyopinduka. "Nataka lile. Nimechoka na nguo."

"Unataka kuninyima kazi mwenyewe?" Mama Uapiruka alivuta kigoda akaketi. "Sikia. Mimi riziki yangu ni turubai, lakini sikudanganyi. Paa gumu linamchelewesha mwizi. Unafunga, unaondoka, mzigo wako hauonekani kila upande. Turubai ni kazi ya kisu kimoja. Ila paa gumu nalo lina vioo, na jiwe la kuvivunjia halilipiwi. Halafu ni zito, na njia ya Etsha mwezi wa kumi itakuoka humo ndani kama mkate. Unaweka nini garini?"

"Siweki kitu. Na mlango siufungi."

"Sasa hapo ndipo sielewi." Alinyanyuka, akaingiza mkono kwenye mpasuko. Vidole vyake vilifika moja kwa moja kwenye kitufe cha mlango. "Aliyekata hapa alikuwa anatafuta kitufe. Kama mlango ulikuwa wazi, alikitafutia nini?"

"Labda ni mgeni wa mambo haya," alisema Mama.

Mama Uapiruka alinitazama mara moja tu. Akachukua futi kamba na kuanza kupima.

"Nimefuata sheria na haikunisaidia," Mama aliendelea, sauti imechoka. "Basi bora paa gumu. Ile akiba ya mafuta itaingia hapa. Baba Gorata nitamwambia leo, tutaonana Krismasi."

Futi ilikuwa inapita juu ya mlango. Niliona kabisa kwamba lile paa la kijani likishafungwa, Orapa imekwisha. Mama alikuwa analitoa turubai lake alilolipenda kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea.

"Mama," nilisema. "Sheria yako haikukosea. Mlango niliufunga mimi."

Futi ikasimama.

Nikasema yote. Nikasema mkoba ulikuwa kitini, nikasema makopo na mpira. Nikasema jinsi nilivyoinua kitufe cha pili ili asijue. Sikulia mpaka nilipofika kwenye kitufe.

Mama alizikutanisha kingo za ule mpasuko kwa vidole, akaziachia.

"Kucheza sikukatazi," alisema hatimaye. "Ungeniomba, ningekaa mimi na mkoba. Kufunga mlango ni kosa, lakini ulikosea ukitaka kulinda. Hicho kitufe cha pili ndicho kinachoniuma. Ulinifumba macho, Gorata, kisha ukaniacha nichague njia. Nimekaa siku nne nikipanga mambo ya nyumba juu ya uongo."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Sijamaliza kukasirika kwanza."

Mama Uapiruka akakohoa. "Ehe, Mama Gorata. Nipime au nisipime?"

Mama alilitazama lile paa la kijani, kisha akalitazama turubai. "Siku nitakayolala njiani na mzigo wa watu, nitakuja kulichukua hilo. Kwa sasa nitie kiraka. Na unifungie sanduku la chuma sakafuni, chini ya kiti, lenye kufuli. Mikono yangu ikijaa, mkoba uingie humo. Sitampakatisha mtoto tena." Akanigeukia. "Kiraka utashona wewe. Na Baba utamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Nilishona alasiri tatu. Sindano ya turubai ni nene, na uzi wake umepakwa nta, unakata vidole. Mama Uapiruka alisimama nyuma yangu akisema, "Vuta. Vuta kama mtu aliyekula." Alhamisi Onalenna alipita akaniona kupitia geti. Nilimwita mimi safari hii. Nikamwambia kwa nini nilimfukuza. Aliangalia vidole vyangu, akasema, "Jumatatu njoo na mikono mizima, tuna mechi," akaenda zake. Sikujua kama ni urafiki. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nililirudia neno lake.

Ijumaa ya kwanza ya likizo tulipita Rakops mchana, pande za turubai zimekunjwa, vumbi jeupe likitufuata. Baba alikuwa amesimama getini Orapa, mwembamba kuliko sauti yake. Alinikumbatia, kisha akapitisha kiganja kwenye kiraka.

"Nani ameshona?"

"Mimi."

"Na nani alisababisha?"

"Mimi pia, Baba." Nikamweleza kila kitu, na kitufe cha pili pia.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake bado uko kwenye kiraka. "Huko chini kwetu," alisema, "mtu akiona ufa kwenye mwamba akanyamaza kwa kuogopa kulaumiwa, wenzake wanaendelea kupita chini yake. Hawajui. Kuuona ufa si kosa, hata kuusababisha watu husameheana. Kunyamaza ndiko kunakoua. Nyumbani ni vilevile, mwanangu. Sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

Tulikwenda kununua chakula. Mama aliuweka mkoba ndani ya sanduku, akafunga kufuli. Baba alishuka wa mwisho, na kwa mazoea ya watu wa paa gumu akapeleka kidole kwenye kitufe cha mlango.

"Baba, usifunge," nilisema.

Alimtazama Mama. Mama alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vikapu.

"Msikilize," alisema. "Huyo anajua."