Walio Nje na Walio Ndani

Kila siku alfajiri Bi Mwanaasha alichoma vitumbua vya kuuza. Alivichomea uani kwake, Tabata. Vilikuwa vitumbua vya mchele, vyenye nazi na iliki, vile vya zamani. Vya siku hizi alivisema vibaya mchana kutwa.

Mjukuu wake Lulu alikaa mkekani karibu naye, ameegemezwa mito miwili. Lulu alikuwa na miaka minane. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake ilikuwa migumu, na maneno yake yalitoka polepole. Lakini masikio yake yalikuwa makali! Watoto wa shule wakipita nyuma ya ukuta, aliwajua kwa sauti. Wakiimba tebo ya mbili, naye aliimba.

"Mbili mara sita... kumi na mbili," alisema Lulu. Wenzake walikuwa wameshafika mara tisa. "Bibi, mie naenda lini?"

"Utaenda, mama. Mungu akipenda."

Jibu lilikuwa hilohilo kwa miaka miwili. Shule ya mtaani kwao ilikuwa na ngazi mlangoni mwa kila darasa, na haikuwa na mwalimu wa elimu maalumu. Shule yenye mwalimu huyo ilikuwa mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Naima, mama yake Lulu, alifanya kazi katika hoteli moja Kunduchi, na alirudi nyumbani Jumapili tu. Nani angembeba mtoto huko kila siku?

Jumatatu moja jirani yao Mama Gibson alipiga hodi. Alikuwa Mnyakyusa, karani mstaafu wa ofisi ya kata. Alishika daftari.

"Bibi Lulu, leo nimekuja kikazi. Kazi yenyewe haina mshahara."

"Karibu. Kazi gani hiyo?"

"Najitolea kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa wetu. Nyumba hii mpo wangapi?"

"Tupo wawili," Bi Mwanaasha alijibu haraka. "Mie na Naima."

Nyuma yake, mkekani, Lulu akapiga chafya.

"Na huyo anayepiga chafya ni jini?" Mama Gibson aliuliza.

Bi Mwanaasha akacheka, kisha akaona haya. "Kwetu sie watoto hawahesabiwi, Mama Gibson. Kuna vijicho."

"Nyie watu wa pwani mna msemo, mficha uchi hazai. Sasa mbona mnaficha? Nisikilize. Mwezi ujao mkutano wa mtaa unapanga mambo ya mwakani. Shule yetu itajengewa madarasa mapya. Nimeomba yawe na njia ya mteremko badala ya ngazi, na tupate mwalimu wa elimu maalumu. Mwenyekiti akaniuliza, watoto wenyewe wako wapi? Kitabu cha mtaa kina watoto watatu."

"Watatu! Mtaa wote huu?"

"Kwa sababu kila nyumba inajibu kama ulivyojibu. Serikali inapanga kwa kilichoandikwa. Mtoto asiyeandikwa hapangiwi kitu. Tukikosa majina mwaka huu, madarasa yatajengwa na ngazi zilezile, na Lulu atabaki hapo mkekani."

Bi Mwanaasha akageuka kumtazama Lulu. Alimkumbuka mama yake.

Enzi hizo Tabata ilikuwa mikorosho na njia za mchanga. Hakukuwa na kuta wala mageti. Kukiwa na harusi au maulidi, mama yake ndiye aliyetumwa kualika. Hakukuwa na kadi wala simu. Mama alijifunga kanga mbili, akapita mlango kwa mlango. Alimtaja kila mtu wa nyumba kwa jina lake, hata kichanga aliyezaliwa juzi. Kumsahau mtu lilikuwa tusi. Mwanaasha mdogo alifuata nyuma, nyumba hii akipewa kashata, nyumba ile ubuyu. Ah, siku zile zilikuwa tamu! Watu walijuana.

Lakini mama huyohuyo alikuwa na mtoto ambaye hakumtaja kwa mtu. Mashaka, kaka yake Mwanaasha, hakuweza kutembea. Alikaa chumba cha uani. Mama alimwogesha, alimwimbia, alimpenda sana. Wageni wakija, mlango ulifungwa. Mashaka alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Pale mazikoni watu waliulizana, "Kumbe humu kulikuwa na kijana?" Swali lile lilimuuma Mwanaasha mpaka uzeeni.

"Andika," alimwambia Mama Gibson. "Lulu. Miaka minane. Hatembei."

"Hapa tunaandika anachohitaji. Lulu anahitaji nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Bi Mwanaasha swali hilo. Alifikiri kidogo. "Kiti cha magurudumu. Na mwalimu mwenye subira."

Wiki mbili zikapita. Mama Gibson akarudi, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amepata majina matano tu.

"Wananifungia milango," alisema.

"Kwani ukifika unasemaje?"

"Nauliza, mna mtoto mlemavu?"

Bi Mwanaasha akashika kiuno. "We mwanamke! Umeingia kwa watu, hata maji hujanywa, unaanza na hilo? Ingekuwa mie ningekumwagia maji ya vyombo."

"Sisi makarani ndivyo tunavyouliza."

"Ukarani uache ofisini. Tutawaalika. Jumamosi saa nne, hapa uani kwangu. Kupita nyumba kwa nyumba nitapita mie."

Kesho yake alijifunga kanga mbili, akaanza. Kwenye geti moja la kijani alifunguliwa na mama kijana aitwaye Jesca. Alihamia mtaani miaka mitatu nyuma, lakini walikuwa hawajawahi kusemezana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa na mjukuu wangu Lulu. Hatembei, lakini Jumamosi ana shughuli yake. Anawaalika watoto wa nyumba hii, walio nje na walio ndani."

Jesca akatazama chini. "Na wa ndani?"

"Na wa ndani. Watakula vitumbua, watacheza. Mama Gibson atakuwepo na daftari, ili majina yaende kwenye mkutano wa mtaa, shule iwajue. Asiyetaka kuandikisha mwanawe hatalazimishwa. Kula atakula."

Jesca alilifungua geti wazi. Halafu akasema, "Anaitwa Elinaza. Ana miaka sita. Hasikii. Bibi, mwanangu hajawahi kualikwa popote."

Bi Mwanaasha alisogea karibu. Akamshika Jesca mkono, basi.

Jumamosi uani hapakutosha. Watoto walikuja wamebebwa migongoni. Mmoja aliletwa na mjomba wake kwa toroli. Elinaza na Lulu waligombania kitumbua kimoja, wakagawana. Akina mama walioishi ukuta kwa ukuta walishangaana. "Kumbe na wewe?" "Na mie, dada!" Afisa ustawi wa jamii wa kata alifika. Aliwaeleza wapi mazoezi ya viungo hupatikana. Akasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa shule kama mwenzake. Hakuna mzazi aliyekataa daftari.

Siku ya mkutano, chini ya turubai, Bi Mwanaasha alisimama. Hakuwa amewahi kuzungumza mkutanoni.

"Bibi, tupe idadi tu," alisema mwenyekiti.

"Idadi mtajijazia wenyewe. Mie naita majina."

Akaita. Kwa kila jina, mama mmoja alisimama. Jesca alisimama. Akina mama wakaendelea kusimama mpaka upande mzima wa turubai ukawa wima. Walikuwa ishirini na mmoja. Mwenyekiti alivua kofia yake.

"Naombeni radhi," alisema. "Mimi nimezaliwa mtaa huu, na sikujua. Mtendaji, andika."

Kuandika peke yake hakukutosha. Barua ilikwenda kata, ikaenda manispaa, ikalala. Mama Gibson na Bi Mwanaasha waliifuata kila Alhamisi. Walisalimia, waliketi, hawakuondoka bila jibu. Makarani wakawazoea hadi wakawawekea viti. Afisa ustawi naye akamtafutia Lulu kiti cha magurudumu.

Mwishowe manispaa ikakubali, ujenzi ukachukua mwaka mzima, na Januari iliyofuata madarasa mapya yakafunguliwa. Milango yake ilikuwa na njia ya mteremko. Alikuja pia Mwalimu Hope, aliyesomea elimu maalumu na kujua lugha ya alama.

Asubuhi ya kwanza Bi Mwanaasha alimsukuma Lulu mwenyewe mpaka darasani. Kisha akasimama dirishani. Saa moja ikapita, ya pili nayo, yeye yupo palepale. Alitazama kama mjukuu amechoka, kama kalamu imeanguka, kama kuna anayemcheka. Lulu alinyanyua kichwa.

"Bibi."

"Naam, mama! Unataka maji?"

"Nenda nyumbani."

"Eti?"

Lulu aliyatafuta maneno. Mwalimu Hope alisubiri, na darasa likasubiri.

"Bibi za wenzangu... hawapo."

Darasa zima likacheka, na Lulu akacheka kuliko wote. Bi Mwanaasha alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Alilia njia nzima, na kila aliyemuuliza kulikoni, alimwambia mjukuu wake yuko shule.