Vifuniko Vitatu vya Dawa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Kiroboto alikuwa na kazi tatu: kufagia banda la mbuzi, kumkatia mbuzi majani, na kubishana na Bibi. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa sababu aliagizwa. Ya tatu aliifanya kwa moyo wake wote.

"Umefagia katikati tu," Bibi alisema, akichungulia juu ya ubao wa banda. "Pembeni umemwachia nani?"

"Bibi, mbuzi mwenyewe hajalalamika."

"Mbuzi ana adabu. Angekuwa na mdomo kama wako, sisi tungehama nyumba hii tukamwachia."

Kiroboto lilikuwa jina la utani. Msichana huyo alikuwa darasa la sita, mwembamba kama ufito, na kwenye mpira wa pete aliruka mpaka wenzake wakadhani ameficha springi kwenye soksi. Jumamosi iliyofuata shule yao ingecheza na shule ya ng'ambo ya mto, na kichwani mwake hapakuwa na nafasi ya kitu kingine.

Mbuzi naye aliitwa Bi Madoa, na hakuwa mbuzi wa hivi hivi. Mwaka uliopita, mvua zilipokataa kunyesha, baadhi ya kaya za kijiji zilipewa fedha za msaada. Wapo walionunua kuku, wapo walionunua sungura, na wapo walionunua redio, ambayo haitagi wala haizai. Mama wa Kiroboto alisema fedha za msaada ni maji kwenye kiganja: ukisimama kuyatazama yamekwisha, afadhali uyamwagie mche. Akanunua mbuzi jike wa maziwa.

Lakini si kila mhitaji alipata. Mama Kicheko, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, hakupata hata senti. Ndipo kikundi cha wafugaji kikakubaliana: kila aliyenunua mbuzi kwa fedha hizo, mtoto jike wa kwanza atampa jirani aliyekosa. Bi Madoa alizaa, na akazaa jike. Tangu siku hiyo Mama Kicheko hakupita pale bila kubisha hodi bandani.

"Mkwe wangu, hujambo?" alimwambia mbuzi. "Unamlea vizuri huyo binti? Chumba chake nimeshakijenga. Mahari tu ndiyo mtanisamehe."

Jumamosi hiyo Mama alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa kikundi. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akatoa maagizo ya kumuogesha Bi Madoa dawa ya kuua kupe, kama ilivyokuwa desturi yao kila wiki.

"Ndoo moja ya maji, kifuniko kimoja cha dawa. Vaa glavu. Mtoto wa mbuzi mtenge kule nyuma, asinyonye mpaka mama yake akauke kabisa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kusikia alisikia. Ila Mama alipotokomea tu, Kiroboto alishika chupa na kuanza kupiga hesabu. Jumamosi ijayo kuna mechi. Jumamosi ijayo pia kuna kuogesha mbuzi. Sasa, kama kifuniko kimoja kinatosha wiki moja, je, viwili havitatosha wiki mbili? Hesabu ilikuwa safi, hata mwalimu angeiwekea alama ya vema. Akamimina kifuniko cha kwanza, akamimina cha pili. Cha tatu akakiongeza ili kupe wapate adabu. Glavu zilikuwa kubwa na zilimponyoka, kwa hiyo akazivua akaogesha kwa mikono mitupu. Harufu ya dawa ilimchoma puani, na Bi Madoa alipiga chafya.

"Vumilia," Kiroboto alimwambia. "Wiki ijayo unapumzika, na mimi napumzika."

Jua lilipofika utosini, aliingia bandani na majani mabichi. Bi Madoa hakugeuka. Mate yalikuwa yakimtoka mdomoni kama uzi mrefu usiokatika. Miguu ya nyuma ilitetemeka, kidogo kwanza, kisha sana, kama ya mtu aliyesimama kwenye baridi. Lakini hapakuwa na baridi yoyote.

Majani yalimdondoka Kiroboto.

"Bi Madoa?" alinong'ona. "Bi Madoa, acha mchezo."

Mbuzi akapiga magoti, akaanguka ubavu. Kule nyuma, mtoto wake alilia kwa sauti nyembamba. Kiroboto akatazama mikono yake: ilikuwa ikiwasha tangu asubuhi, na sasa ilionekana myekundu. Je, dawa imemwingia na yeye? Je, naye ataanza kutoka mate? Akajifuta mdomo haraka. Ulikuwa mkavu kabisa. Hilo nalo likamtisha.

"Bibi!" alipiga kelele. "Bibi, njoo!"

Bibi alikuja akichechemea, akaona, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alimwita Mama Kicheko, na Mama Kicheko akatoka mbio mpaka kwenye mkutano, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

Kusubiri kulikuwa kubaya kuliko chochote. Kiroboto aliosha ndoo, akaikausha, akaificha chini ya kitanda, kisha akaitoa kwa sababu alihisi inamtazama. Alifungua mdomo kumwambia Bibi. Bibi alikuwa amechuchumaa akimkamua mbuzi kwa upole, kiwele kilikuwa kimejaa pomoni. Kiroboto akaufunga mdomo. Amwambie nini? Kwamba amemuua mbuzi wa Mama? Kwamba amemuua na mkwe wa Mama Kicheko? Labda Bi Madoa atainuka mwenyewe. Labda.

Pikipiki ilinguruma nje. Bahati ilikuwa kwamba daktari wa mifugo alikuwa kule kule mkutanoni akiwafundisha wanakikundi, na alikuja na Mama nyuma yake. Mama Kicheko alifuata kwa miguu, akihema.

Daktari alipiga magoti, akafunua jicho la mbuzi. "Mboni zimesinyaa," alisema. "Hii ni sumu. Ila sumu gani? Inaweza kuwa majani mabaya. Inaweza kuwa dawa ya kupe iliyozidi. Nisikilizeni vizuri: tiba zake haziko sawa. Sindano itakayomponya kwa sumu hii inaweza kummaliza kwa ile. Nani alimuogesha?"

"Mimi," Kiroboto alijibu. Sauti yake ilikuja kutoka mbali.

"Kipimo gani?"

Wote walimgeukia. Mama, mkoba bado begani. Mama Kicheko, aliyezoeleka kwa kicheko, na sasa midomo yake imekaza. Kiroboto aliutafuta ukweli mdomoni akakuta umenata.

"Kifuniko kimoja," alisema. Uongo ulitoka laini kama sabuni.

"Basi ni majani," Daktari alisema, akafungua mkoba wake na kuanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Kiroboto aliitazama dawa ile ikipanda ndani ya bomba. Sema, alijiambia. Sema sasa. Ulimi haukusogea.

Ndipo aliposikia sauti ya Bibi kizingitini. "Haya, mjukuu wangu, kunywa ulale. Anayeumwa ni mbuzi, maziwa yana kosa gani?"

Aligeuka. Mdogo wake, Kibonge, ambaye hakuwa ameanza hata shule, alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha maziwa mikononi. Maziwa ya Bi Madoa. Yalikuwa na povu juu, na Kibonge alikuwa akilipuliza lile povu kama afanyavyo kila siku, ili achungulie kilichomo kabla ya kunywa. Akainua kikombe.

Kiroboto hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Aliruka ndoo, akaruka mkoba wa Daktari, akakipiga kikombe kwa kiganja. Kikombe kilikwenda kugonga ukuta, na maziwa yakamwagika yote ardhini.

"We mtoto una wazimu?" Bibi alifoka. Kibonge akaangua kilio.

"Vitatu!" Kiroboto alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Nilitia vifuniko vitatu! Nilidanganya! Asinywe, Bibi, asinywe!"

Daktari aliiweka ile sindano chini taratibu, kama mtu aliyeshika yai. Alikwenda kwanza kwa mtoto, akamtazama mdomo. "Umekunywa, baba?"

"Kamwaga yotee!" Kibonge alilia kwa uchungu. "Hata tone sijapata!"

"Alhamdulillahi," Bibi alisema, akakaa chini pale pale.

"Wewe," Daktari alimwambia Kiroboto, "mikono hiyo kwenye sabuni, mpaka kiwikoni, na ubadilishe nguo. Mama, lete maji mengi. Mbuzi huyu anaoshwa sasa hivi, na kila mtu avae kitu mkononi."

Alivuta dawa nyingine, akamchoma Bi Madoa. Walimwosha kwa sabuni, wakamsuuza, wakamwosha tena. Kiroboto alichota maji, ndoo baada ya ndoo.

"Daktari," aliuliza kwa sauti ndogo, "na mimi nitakufa?"

"Kwa nilivyokuona, la. Lakini sipimi watu, napima mbuzi. Mama yako atakupeleka zahanati leo hii ukatazamwe. Na kichwa kikikuuma, au ukiona ukungu, utasema. Si kesho. Pale pale."

"Nitasema."

Zahanati walimwona, wakampa mafuta ya kupaka mikononi, wakamrudisha. Walipofika karibu na nyumba ndipo Mama alipouliza: "Kwa nini hukusema alipokuuliza?"

"Niliogopa, Mama."

"Ulimwogopa nani?"

Kiroboto alifikiri. "Nyuso zenu."

Mama akamshika bega, wakaingia. Walikuta Bibi na Mama Kicheko wamekaa bandani kama wafiwa. Jua lilikuwa limelala upande. Bi Madoa alikuwa bado chini, lakini miguu ilikuwa imetulia na mate yamekatika. Wakakaa nao. Kisha mbuzi akanyoosha shingo, polepole, akauma pindo la nguo ya Bibi, akaanza kutafuna.

"Nguo yangu ya kwendea mazishi!" Bibi alisema, lakini hakuivuta. "Haya, kula. Leo nimekufutia mazishi."

Mama Kicheko akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, haikujulikana.

Bibi akamvuta Kiroboto karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuogopa si kosa. Mimi uzee huu bado namwogopa jongoo. Dawa ikizidi kipimo, inakuwa sumu, hilo umeliona. Na uongo je? Huo hauna kipimo, hata kifuniko kimoja kinatosha kuua. Woga uliokufunga mdomo ni ule ule uliokurusha mpaka kwenye kikombe. Unafanya kazi vizuri, ila unachelewa kuamka. Siku nyingine uutume mapema, kabla mtu hajajaza sindano. Na mimi," akaongeza, akikwepa macho ya Mama, "sitakamua tena mnyama mgonjwa kwa kuogopa maziwa yapotee. Bahili mmoja katika nyumba anatosha kuua ukoo."

Maziwa ya Bi Madoa yalimwagwa shimoni kila siku mpaka Daktari aliporuhusu, na mtoto wa mbuzi alinyweshwa kwa chupa maziwa ya mbuzi wa mwanakikundi mwingine. Aliyeamka kumnywesha alikuwa Kiroboto. Jumamosi ya mechi aliamka mapema, akasimama mbele ya kikundi kizima, akaeleza alichofanya bila kupunguza kitu. Kisha akakimbilia uwanjani.

Siku mtoto wa mbuzi alipoacha kunyonya, Mama Kicheko alikuja kumchukua "bibi harusi" wake. Mama alimkabidhi kamba, na Kiroboto akamkabidhi chupa ya dawa ya kupe na glavu mpya.

"Ndoo moja, kifuniko kimoja," alisema. "Kila wiki."

"Na nikiwa na safari wiki inayofuata?" Mama Kicheko aliuliza, macho yakimcheka. "Nisiongeze kidogo?"

"Hapana," Kiroboto alisema. "Utaniita, nitakuja kuogesha mimi."

"Hata siku ya mechi?"

Kiroboto akamkuna mbuzi mdogo kichwani. "Hata siku ya mechi. Ila uniite alfajiri."