Mara Tatu Kwenye Chuma

Rafiki yangu, fundi cherehani, si mtu wa kuzusha. Binti yake alifia chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa kuwa alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni, alikuwa akigonga chuma cha kitanda mara tatu kumwambia, "Mama, usiondoke." Ishara hiyo waliijua wao wawili tu.

Baada ya mazishi rafiki yangu alirudi chumbani humo kuchukua blanketi la binti yake. Ghafla umeme ukakatika, mashine zikabaki zikilia gizani kwa betri. Kwenye kitanda cha pili, mtoto wa mwenzake, mama waliyekuwa wakiuguza pamoja, alikuwa bado anapumua.

"Nilimwonea kijicho," hakunificha. "Kwa nini wangu afe, wake abaki?"

"Pole, dada," mwenzake alisema. "Huyu hata kidole hajatikisa tangu tuje."

Rafiki yangu akageuka aondoke.

Ko, ko, ko.

"Mwanangu ameamka, anagonga kitanda!" mwenzake akashangilia.

Rafiki yangu akashika kitasa.

Ko, ko, ko.